Dar hadi Ruaha kwa gari lako: njia, hifadhi na mgawo wa siku

Mwenye gari zima na wiki moja ya likizo hahitaji kwenda Kaskazini kuona wanyama. Barabara kuu ya kwenda Zambia inampitisha katikati ya hifadhi ya Mikumi na kumpandisha mlima wa Kitonga. Akifika Iringa anageukia magharibi hadi Ruaha, na wakati wa kiangazi hatuoni hifadhi nyingine nchini inayomfaa kama hiyo mtu anayeendesha mwenyewe. Wanaorudi wamenuna ni wale waliogawa siku vibaya: wamelala Mikumi mara mbili, wakafika Ruaha jioni ya siku ya tatu, wakazunguka asubuhi moja na kugeuza gari. Wangefanya kinyume chake. Mikumi inatosha kwa mchana mmoja na asubuhi moja, Iringa ni ya kulala na kujipanga, na Ruaha ulale mara tatu. Siku ya sita urudi Iringa, ya saba Dar.

Ondoka Dar saa 10 alfajiri, na sababu yake ni malori. Kuanzia Kibaha hadi Chalinze barabara inabeba mizigo ya bandari inayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Kwenye mizani ya Vigwaza, na tena Mikese karibu na Morogoro, foleni ya malori hufurika hadi barabarani na kubana njia. Ukiwa umeipita Chalinze jua linachomoza, umeokoa zaidi ya saa nzima. Lakini giza lina hatari zake: baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyokufa katikati ya njia. Ukiona matawi ya miti yametandazwa barabarani, punguza mwendo mara moja, maana kuna gari bovu mbele na huenda hata pembetatu halina. Vijijini kibao cha 50 kinamaanisha 50. Askari wa tochi wako kazini mapema, na kosa moja la mwendo ni shilingi 30,000.

Dar hadi Morogoro ni kilomita kama 190, saa nne kwa mwendo wa kawaida. Asiyependa kipande hiki ana njia nyingine tangu Juni 2024: treni ya SGR hadi Morogoro, kisha gari la kukodi kutoka hapo. Kwa familia yenye watoto wadogo tunaipendekeza bila kusita. Atakayekodi, iwe Dar au Morogoro, asome mkataba kabla ya kulipa. Ulizia mambo matatu: kama gari linaruhusiwa kuingia hifadhini, kama lina bima kubwa, na kama kuna kikomo cha kilomita kwa siku. Halafu shusha spea uikague kwa macho. Spea yenye saizi tofauti na matairi mengine, au jeki isiyofikia urefu wa gari, huwa haigunduliki hadi siku inapohitajika.

Kuhusu gari lenyewe: kwa Mikumi ya kiangazi, Noah au RAV4 inatosha ukibaki kwenye njia kuu za ndani. Kwa Ruaha tunashauri gari la 4x4 lililoinuka, Prado au Hardtop. Si kwamba RAV4 haifiki Msembe, makao makuu ya hifadhi; inafika. Tatizo ni kwamba njia nzuri kuliko zote Ruaha hukatisha mito ya mchanga, na gari la chini litakufanya uishie kwenye barabara pana ambako kila mtu anapita.

Kutoka Morogoro, milima ya Uluguru ikibaki nyuma yako, unaingia Mikumi bila kupiga kona yoyote. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilomita kama 50. Kikomo ndani ya kipande hicho ni 70 mchana na 50 usiku, na vibao vinaonyesha faini ya kumgonga kila mnyama, kuanzia nyani hadi tembo. Wengi huhesabu kipande hiki kuwa safari ya bure: wanapunguza mwendo, wanapiga picha za twiga dirishani, wanaendelea. Picha utapata, lakini usisimame. Lori lenye tani 30 nyuma yako halina nafasi ya kukwepa, na dereva wake anaangalia barabara, haangalii twiga. Kuwatupia nyani maganda ya ndizi ni kosa baya zaidi, kwa sababu nyani aliyezoea kula barabarani hufia barabarani.

Mikumi ilitangazwa hifadhi mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Cha kuona kiko upande wa kaskazini-magharibi mwa barabara, uwanda wa mafuriko wa Mkata: nyasi fupi, nyumbu, punda milia, nyati, pofu, na simba wanaowafuata. Bwawa la viboko liko karibu na lango, na hapo unaruhusiwa kushuka garini. Upande wa kusini ni misitu ya miombo, wanyama wachache na mbung'o wengi. Kwa safari fupi uache. Kinachoharibu siku Mikumi ni tope. Udongo wa Mkata ni mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka ni kama saruji, ukinyeshewa nusu saa tu matairi hujaa na kuwa laini kama sabuni, na 4x4 haisaidii kama tairi halina meno. Machi na Aprili usiende huko bila kuuliza getini ni njia zipi zimefungwa.

Hapa ndipo hesabu ya kiingilio inapoingia. Tiketi ya hifadhi ni ya saa 24 na ya kuingia mara moja. Ukiingia saa 8 mchana, ukalala ndani, ukazunguka kuanzia alfajiri na kutoka kabla ya saa 8, umepata jioni na asubuhi, nyakati mbili bora, kwa malipo ya siku moja. Ukilala mjini Mikumi nje ya hifadhi ili upate chumba cha bei nafuu, ukitoka tu tiketi imekufa na kesho unalipa upya. Kwa raia wa Afrika Mashariki, anayelipa kwa shilingi na kiasi kidogo, kulala nje bado kunaweza kuwa nafuu. Kwa mgeni anayelipa bei ya wageni, nafuu ya chumba inaliwa getini. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti kwa kila mtu mzima, kwani bila hicho huwezi kudai bei ya raia. Gari lenye namba za nje, wenzetu wa Kenya wajue, hulipiwa kwa viwango vya magari ya nje. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, ile ambayo wengi huiita kontro namba, au kwa kadi. Weka salio la kutosha kwenye simu kabla ya kufika, kwa kuwa pesa taslimu mkononi haitakufungulia lango.

Mwenye siku ya ziada akunje kushoto mjini Mikumi kuelekea Kidatu na Mang'ula, kilomita kama 60, hadi hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Humo hakuna barabara za kuendesha gari kutafuta wanyama, ni kutembea tu, na ndiyo maana inafaa sana baada ya kukaa kitini siku nzima. Maporomoko ya Sanje yana jumla ya mita 170. Njia yake inahitaji kama saa nne, viatu vyenye soli inayoshika na lita mbili za maji kwa kila mtu. Mbega mwekundu wa Iringa utamwona huko na si mahali pengine duniani nje ya milima hiyo na misitu ya bonde la Kilombero lililo chini yake. Usijaribu kulibana hili katika mchana mmoja ukielekea Iringa, maana litakupandisha Kitonga usiku.

Kutoka Mikumi kwenda Iringa ni kilomita kama 200, na kwa mandhari hiki ndicho kipande bora cha lami katika safari nzima. Barabara inashuka kwenye bonde la mibuyu, maelfu ya mibuyu ikipanda milima pande zote mbili, na pembeni yake unapita Mto Ruaha Mkuu. Ni mto uleule utakaoukuta hifadhini, ila hapa umeshapita bwawa la Mtera na unaelekea kwenye mitambo ya umeme ya Kidatu. Ruaha Mbuyuni vitunguu vinauzwa kwa ndoo na kwa gunia kandokando ya njia. Usinunue sasa, nunua ukirudi.

Halafu Kitonga. Ni mlima wa kona kali, upande mmoja mwamba na mwingine korongo, na malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kupanda, zima kiyoyozi, shuka gia mapema kabla injini haijalemewa, na angalia geji ya joto kila dakika. Gari lenye rejeta chafu hujulikana hapa. Ikichemka, egesha mahali palipotanuka, acha injini ipoe kabisa, na usifungue mfuniko wa rejeta kwa papara, kwani maji yale yanarushwa kwa shinikizo na yanababua uso. Kulipita lori kwenye kona ni kucheza na maisha ya watu wa pande zote mbili. Kaa nyuma yake, mlima wenyewe haumalizi hata nusu saa. Ikitokea lori limekufa kwenye kona, foleni inaweza kula saa kadhaa, hivyo maji ya kunywa na chakula viwe ndani ya gari, visiwe chini ya mizigo.

Ukimaliza kupanda hewa inabadilika. Ilula ni nyanya na vitunguu, kisha Lugalo, ambako mnara uliopo karibu na barabara unakumbusha Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa yalipoliteketeza jeshi la Wajerumani la Zelewski. Mji wa Iringa haukai barabarani. Ukifika Ipogolo unapanda kilima kulia. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mtu wa Dar atahitaji sweta la kweli.

Iringa ni duka lako la mwisho, nasi tunaona hapa ndipo safari nyingi za Ruaha huharibikia. Piga hesabu hivi. Kwenda Msembe na kurudi ni kilomita kama 260. Kuzunguka hifadhini siku nzima mbili na nusu ni kilomita 200 hadi 250 zaidi, kwa gia ndogo. Prado ya petroli katika mwendo huo hula lita 15 au zaidi kwa kilomita 100. Jumla ni lita 75 au 80, yaani tangi zima bila akiba. Jaza tangi na uongeze dumu la chuma la lita 20. Mafuta ya chupa vijijini yapo, lakini kuyategemea ni kuhatarisha pampu na nozeli. Pitia kwa fundi pancha, akague spea na kukaza nati za magurudumu. Toa pesa benki. Nunua maji lita tano kwa mtu kwa siku, mkaa, unga, mchele, nyama ya kukausha au maharage yaliyochemshwa. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka mjini. Mwenye nusu siku ya ziada aende Isimila, kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya: korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale zikiwa zimelala pale pale. Ni sehemu isiyothaminiwa inavyostahili.

Njia ya Ruaha inapita Kalenga, ngome ya Mkwawa, ambako fuvu lake linahifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954. Dakika 40 zinatosha na zinalipa. Mbele ya hapo njia inagawanyika: moja inapita Tungamalenga, kwenye kambi za nje ya hifadhi, nyingine inanyooka moja kwa moja kwenda getini. Vipande vya vumbi viko kama bati, na bati hilo ndilo linalokata bushi na kumaliza shokapu. Dawa yake ni upepo. Gari linalotembea lami kwa PSI 35 lishushe hadi 26 au 28, endesha kilomita 50 hadi 60 kwa saa. Anayekwenda 90 ili gari lielee juu ya mawimbi hana breki wala usukani anapokutana na ng'ombe kwenye kona, na kona zina ng'ombe. Gari la mbele likikuachia vumbi, baki nyuma hadi vumbi litulie. Beba pampu ndogo inayotumia umeme wa gari ili ujaze tena ukirudi kwenye lami, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo wa lami hupata joto na kupasuka. Tenga saa tatu hadi tatu na nusu kutoka Iringa hadi Msembe.

Panga kufika getini karibu na saa 6 mchana, na siku ya sita utoke kabla ya saa hiyo. Kwa hesabu ya saa 24 unalipia siku tatu badala ya nne. Baada ya lango unavuka mto kwenye daraja la Ibuguziwa, na viboko wanaanza hapo hapo.

Ruaha ni hifadhi tangu 1964, na ilipoongezewa eneo la Usangu mwaka 2008 ilifikia kilomita za mraba 20,226. Ukubwa huo usikutishe, kwani dereva wa siku tatu anahitaji kipande kidogo tu kando ya mto. Msingi wa kila siku uwe huu: saa 12 asubuhi uwe umeshaondoka, ufuate ukingo wa Ruaha Mkuu kutoka Msembe kuelekea kaskazini-mashariki hadi Mwagusi unapoingia, kisha upande polepole na Mwagusi wenyewe, mto wa mchanga wenye miti mikubwa pande zote. Saa 4 jua limekuwa kali na wanyama wamejificha kivulini, nawe rudi upumzike. Saa 9 na nusu toka tena. Wanaoendesha kutwa nzima bila kupumzika humaliza mafuta na kuona kidogo kuliko anayezima gari saa nzima kwenye dimbwi moja la mwisho.

Na madimbwi ndiyo siri ya Ruaha ya Septemba na Oktoba. Tangu 1993 mto huu umekuwa ukikatika mtiririko wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu huko Usangu kwa kilimo cha mpunga. Ni jambo la kuumiza moyo. Viboko wanabanana kwenye tope, mamba wanasubiri. Tembo huchimba visima kwenye mchanga wa Mwagusi kwa mguu na mkonga, na wakiondoka swala pala na nyani hunywa kwenye visima hivyo. Nyati huja kwa makundi ya mamia, na simba hawaendi mbali. Ukikaa kimya juu ya ukingo mahali kama hapo huhitaji kumfukuzia mnyama yeyote.

Ruaha pia ni mahali ambapo wanyama wa kusini na wa mashariki mwa Afrika wanakutana. Tandala mkubwa na tandala mdogo wote wako humo, na kwenye miombo wapo swala wakubwa wawili, korongo na palahala. Mbwa mwitu wapo lakini wanahama, na anayekuahidi kukuonyesha anakudanganya. Nyumbu usiwatafute, Ruaha hawapo. Mbung'o wako kwenye miombo, mbali na mto. Funga vioo, usivae bluu wala nyeusi, na ujue kwamba hufuata kitu chochote kikubwa kinachotembea, gari likiwemo.

Tembo wanahitaji heshima ya pekee. Walipitia miaka mibaya ya ujangili mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mama wenye ndama bado hawana imani na magari. Akikugeukia akiwa ametanua masikio na kuinua kichwa, acha kusogea. Usipige honi, usizime gari. Rudi nyuma taratibu kabla hajaanza kutembea. Ndiyo maana kwenye njia nyembamba usiingie katikati ya kundi linalovuka: subiri wa mwisho apite, kisha hesabu dakika mbili, kwani mara nyingi wa mwisho si wa mwisho.

Kwenye mto wa mchanga, weka 4x4 ya gia ndogo kabla ya kushuka, gia namba mbili, mwendo usiobadilika, na usikanyage breki katikati. Ukinasa, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, maana kila sekunde ya kuzungusha tairi ni sentimita moja ya kuzama. Angalia kwanza pande zote kama kuna mnyama, punguza upepo hadi PSI 18, chimbua mchanga nyuma ya matairi yote manne na utoke kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe. Kama kuna simba karibu usishuke. Kaa ndani usubiri gari jingine. Kwa sababu hiyo jina la njia unayopita lazima uwe umeliacha kwa askari wa Msembe asubuhi.

Pa kulala: mabanda ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, pale Msembe na kambi za wazi kando ya mto ndizo tunazopendekeza, si kwa starehe bali kwa mahali zilipo. Hazina uzio. Machungwa, maembe na ndizi zisilale ndani ya hema wala ndani ya gari lenye kioo wazi, kwa sababu tembo hunusa matunda na hema halimzuii. Usiku ukihitaji kutoka, mulika kwanza pande zote na utafute macho yanayong'aa. Lodji za ndani ni nzuri. Tungamalenga inafaa kwa raia mwenye bajeti ndogo, lakini utapoteza saa ya kwanza ya asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya simba na chui.

Kurudi, ondoka Iringa saa 12 asubuhi na uishuke Kitonga kwa gia ileile ambayo ungepandia. Breki ziguswe kwa vipindi vifupi. Ukisikia harufu ya kuungua na kanyagio likaanza kwenda chini, tafuta sehemu pana, simama robo saa, na usimwagie magurudumu maji. Baada ya hapo ndipo Ruaha Mbuyuni. Chagua vitunguu vyenye shingo iliyokauka kabisa, vyenye shingo mbichi vitaoza kabla ya wiki kwa joto la Dar, na visiwe karibu na dumu la mafuta. Mikumi uipite kabla ya saa 8 mchana ili giza lisikukute kwenye malori ya Mikese.